Maji Yanayopita Nyikani

Basi la Arusha kwenda Tanga likishaiacha Same, mapazia hufungwa. Abiria waliokuwa wakiutazama Kilimanjaro tangu Boma Ng'ombe wameshauchoka, wanaoisubiri pwani wanajua bado mbali, na konda anaweka filamu. Kuanzia hapo hadi Mombo ni migunga na michongoma, vumbi jekundu, ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka, na madaraja marefu yaliyojengwa juu ya mchanga mtupu. Makanya anashuka mtu mmoja, Hedaru wawili. Wengine wamelala, na wataamshwa na wauza matunda wa Mombo walioinua mabeseni ya mapeasi na pesheni hadi dirishani.

Mama yangu ni mtu wa Pangani aliyeolewa Usangi, juu kwenye milima ya Upare Kaskazini. Nami nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa kufundisha Jiografia Same. Kwa hiyo ujombani kwangu ni bahari, kwa baba ni mlima, na mkate wangu niliupata nyikani. Wageni wengi wameniuliza waende wapi wakitaka kuijua nchi hii ya kaskazini mashariki, na jibu langu halijabadilika: fuata maji, na usiipite nyika umelala. Aliyeona ziwa la mlimani na ufukwe wa Pangani akaruka katikati ameona picha mbili nzuri, lakini hajajua kwa nini ziko hivyo zilivyo, wala nani analipa gharama yake.

Kwanza upepo. Kusi inayojaza matanga ya majahazi ndiyo hiyohiyo inayobeba unyevu wa Bahari ya Hindi kuupeleka bara. Inapita juu ya Pangani na Muheza, inakutana na Usambara, inalazimika kupanda, inapoa, inamwaga. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hewa hiyo ikishavuka vilele imebaki kavu, na inaposhuka upande wa pili inazidi kupata joto. Mkomazi, Hedaru na Same ziko upande huo, mgongoni mwa milima, na mvua ya Same mjini haifiki hata theluthi ya ile ya Amani. Kisha upepo unasonga mpaka Kilimanjaro, unapandishwa tena kwenye mteremko wa kusini, na msitu unalowa. Darasani nilikuwa nachora mshale huu kwa chaki, halafu nawapeleka wanafunzi dirishani waitazame Shengena, mlima mrefu kuliko yote Upareni, imefunikwa mawingu huku uwanja wetu wa mpira umepasuka kwa ukame. Ukame wa Same ni kazi ya milima ileile tunayoionea fahari. Maji ambayo nyika ilinyimwa huirudia kwa njia moja tu ya uhakika, nayo ni mto.

Mto wenyewe ni Pangani, wenye urefu wa kilomita 500 hivi ukiuhesabu tangu vyanzo vyake. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya kusini mwa Kilimanjaro, Ruvu huleta ya mashariki mwa Kilimanjaro kupitia Ziwa Jipe, na mito hiyo miwili hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Bonde lake lote lina zaidi ya kilomita za mraba 43,000, kipande kidogo kikiwa Kenya.

Lakini safari nzuri haianzi mtoni, inaanza Ziwa Chala. Kutoka Himo unashika barabara ya Rombo, unaingia njia ya vumbi katikati ya mashamba ya mahindi na alizeti, na hakuna dalili yoyote ya ziwa. Unapanda kilima chenye vichaka, unafika ukingoni, na ardhi imekatika mbele yako. Chini kabisa, mita kama mia moja, kuna maji ya buluu yaliyozungukwa na kuta za mwamba pande zote, maana hili ni shimo la volkano ya zamani. Jua likisogea, rangi nayo inasogea: buluu nzito asubuhi, kisha kijani cha jani changa la mgomba. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji, na nyani wa kila upande wanauvuka wapendavyo.

Nilishuka na kijana wa pale ambaye alijua kila mzizi wa kushika. Njia ni mbaya, mawe yanakimbia chini ya miguu, na ukifika majini unakuta kimya na joto la kutosha kukukausha jasho kabla hujalihisi. Nilitumbukiza mkono nikaviona vidole vyangu mpaka kucha, na samaki wadogo wakaja kuvinusa. Ziwa hili lina perege wa aina yake, ambaye kiasili haishi mahali pengine popote. Hakuna mto unaoingia Chala wala unaotoka. Linalishwa kutoka chini ya ardhi, kwa maji yaliyonyesha mlimani yakazama kwenye mwamba wa volkano. Upande wa Taveta, chemchemi za Njoro hububujika maji ya mlima huohuo. Mzee tuliyemkuta ukingoni, aliyekuwa anachunga mbuzi, alitusimulia kwamba chini kuna boma lililozama na wenye masikio husikia ng'ombe wakilia usiku. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kila niliyekutana naye kandokando ya ziwa hili ana boma lake la kusimulia, na nadhani ni kwa sababu watu hawawezi kukubali kirahisi maji mengi kiasi hicho yakae tu hapo, hayaendi popote, wakati nusu saa kutoka pale mahindi yanakauka yakiwa yamefika magotini.

Tope la Chala lina hadithi yake pia. Kila mwaka ziwa linaweka sakafuni tabaka jembamba jeupe wakati wa kipupwe, kusi inapoyakoroga maji na viumbe vidogo vyenye magamba vikaongezeka, na tabaka jeusi wakati wa mvua. Mwaka 2016 wanasayansi walichoronga katikati ya ziwa wakatoa tope la zaidi ya mita 200, ambalo ni kumbukumbu ya mvua na ukame kwa miaka kama 250,000. Ndani yake kuna vipindi virefu vya ukame ambavyo hakuna babu wa babu aliyevishuhudia. Nilipolisoma hilo nilijisikia nimepewa kitu nilichokuwa nakihitaji muda mrefu, kwa kuwa Same kila mzee huniambia mvua zimeharibika siku hizi, na kila mzee ana mwaka wake anaouhesabu kuwa wa mwisho kuwa mzuri.

Jipe nitaipita haraka, ingawa inauma. Unakata kona Kifaru, unaiacha lami, na baada ya mwendo wa vumbi unakuta ziwa la kina kifupi, chini ya milima ya Ugweno, lenye matete na mafunjo kiasi kwamba wavuvi wanasukuma mitumbwi kwenye vichochoro. Ng'ambo kuna Tsavo Magharibi na tembo wake. Mto Lumi unaingiza tope, magugu yanasonga mbele, na viboko ndio wanaofungua njia ambazo watu huzifuata. Perege wa Jipe walikuwa wakisifiwa mpaka Usangi, na bibi mzaa baba hakuwahi kupokea mgeni wa maana bila kitoweo hicho.

Nyumba ya Mungu ni kubwa na ni tofauti, kwani ni bwawa lililotengenezwa na watu katika miaka ya 1960. Kutoka juu Usangi, ukisimama panapoishia migomba, unaliona limelala kwenye nyika, na mwaka wa ukame fukwe zake zinarudi nyuma mpaka visiki vya miti iliyozamishwa vinachomoza. Pwani ya bwawa, alfajiri, mitumbwi inarudi na taa bado zinawaka. Wanawake wanasubiri na mabeseni. Mama mmoja mwenye banda lake pale alinifundisha kupasua perege kwa mgongoni ili alale bapa, kumtia chumvi kwenye nyufa za miiba tu na si juu ya ngozi, na kumlaza kwenye kichanja kichwa kikielekea upepo unakotoka, "asije akaoza shingo, mwalimu." Samaki huyo akishakauka anapanda milimani kwenye matenga, anakutana na makande, na ndivyo mtu wa Upareni alivyokula bwawa miaka yote bila kulishuka. Serikali imewahi kulifunga bwawa lisivuliwe ili samaki wakue. Wakati huo nyumba nyingi za pale zilibaki na watoto na wazee, vijana wamekwenda kutafuta vibarua. Nadhani kufunga kulikuwa sahihi. Ila uamuzi sahihi nao una watu wanaoulipia, na wanastahili kuulizwa wataishije kabla kufuli halijafungwa.

Chini ya bwawa ndiko nyika yenyewe ilipo, na hapa nataka msomaji apunguze mwendo.

Zamani, kabla ya bwawa, masika yakikolea mto ulitapika kandokando na kujaza kinamasi cha Kirua. Maji yaliposhuka yaliacha nyasi mbichi kwa ng'ombe, samaki kwenye madimbwi, na ardhi laini ya kupanda. Bwawa lilipoanza kuyashika maji na kuyatoa kidogokidogo kwa ajili ya umeme, mafuriko yalipungua na kinamasi kikanywea. Mzee mfugaji aliyenikaribisha kwenye boma lake karibu na kijiji cha Ruvu aliweza kunionyesha kwa fimbo mahali nyasi zilipokuwa zikifika kifuani mwa ndama wakati wa ujana wake. Tuliposimama palikuwa mchanga mweupe wenye chumvichumvi. Wakeze na wakwe zake walikuwa wamerudi kutoka mtoni na punda, madumu manne kila punda, wametoka kukiwa bado giza. Nilihesabu maji ya boma lile kwa siku, ya watu, ndama na wazee wasiojiweza, nikayalinganisha na tangi moja la choo cha hoteli ya mjini nilikokuwa nimelala juzi yake. Hesabu hiyo sijaiacha kuifanya.

Watu husema nyika haina kitu. Nenda Makanya uone malori ya jasi. Nenda mnadani Hedaru au Same uone mbuzi wanavyopimwa kwa jicho na kiganja mgongoni, muuzaji na mnunuzi hawasemi neno mpaka bei iko karibu. Panda kidogo mteremkoni, upande wa magharibi wa milima, uone ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji, ukuta wake wa mawe na udongo, linalopokea maji ya mfereji usiku kucha na kuyatoa mchana kwenda mashambani. Kila ndiva ina wenyewe, na wenyewe hao wana zamu. Baba yangu mdogo alikuwa msimamizi wa moja huko kwetu. Alfajiri alishuka na kijiti chake chenye alama, akakichovya ukutani penye jiwe lilelile, akasoma kina, ndipo akaamua zamu ya siku hiyo ifike mashamba mangapi. Kizibo kilikuwa gogo lililofungwa majani makavu ya migomba. Alikitoa mwenyewe, kwa mikono miwili, na maji yalipotoka kwa kishindo alikuwa anaondoka bila kugeuka kwa kuwa wenye zamu walikuwa wameshasimama kwenye mifereji yao na majembe. Ukuta ukibomoka linapigwa baragumu, watu wanatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja. Asiyetoka anatozwa, na akirudia anarukwa zamu. Nimeona watu wasiosalimiana kwa miaka kwa sababu ya mipaka ya shamba wakibebana udongo siku ya msaragambo. Wachaga wana mifongo, mifereji yao ya upande wa Kilimanjaro, iliyochimbwa karne nyingi na kusimamiwa na koo. Ni elimu ileile: maji ni machache, kwa hiyo tuwe na utaratibu.

Ninachokithamini kwenye ndiva kuliko vyote ni kwamba msimamizi anaishi kati ya watu anaowagawia. Akipendelea, atakutana na aliyemnyima kisimani, msibani, kwenye pombe ya dengelua. Mto mkubwa hauna hali hiyo. Anayefungua maji juu hamjui anayeyangoja chini.

Misafara ya zamani iliijua nyika hii hatua kwa hatua. Mji wa Pangani ulikuwa mmoja wa milango mikubwa ya biashara ya pembe za ndovu kwenda Kilimanjaro na Umasaini, na ukweli ulio mchungu zaidi ni kwamba watumwa pia waliteremshwa kwa njia hiyo hiyo. Msafara ulifuata mto kutoka pwani, ukapita chini ya Usambara, ukalipa hongo, ushuru wa njia, Mazinde kwa Semboja, mwana wa mtawala Kimweri, aliyeiacha milima akakaa nyikani kwa makusudi ili aishike njia. Mbele ya hapo waliulizana kambi kwa maji: leo tutakunywa wapi, kesho wapi, na pasipo na maji wabebe nini waache nini. Taveta, penye msitu na mto Lumi, walipumzika siku nyingi, wakatengeneza mizigo upya. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, aliongozana na msafiri Joseph Thomson mwaka 1883, na mwaka 1887 alikuwa na msafiri mwingine, Teleki, walipoondoka Pangani kwenye safari iliyofika Ziwa Turkana. Vitabu vya wageni vimewapa jina na picha wageni. Lakini aliyejua kwamba korongo fulani lina maji chini ya mchanga ukichimba dhiraa mbili alikuwa mpagazi, na mara nyingi alikuwa amejifunza kwa mchungaji wa nyika aliyempa maziwa.

Naitaja misafara kwa sababu inaonyesha jinsi njia inavyobadili thamani ya mahali. Semboja aliona kwamba utajiri umeshuka kutoka mlimani kuja barabarani. Wajerumani nao waliielewa. Walianza reli Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1911 ikawa imefika Moshi. Kuanzia hapo Pangani ikaanza kulala. Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano dhidi yao mwaka 1888 na 1889, alikuwa ameshanyongwa mjini humohumo Desemba 1889, na majumba ya mawe yanayotazama mto yalibaki na milango yake ya nakshi bila misafara ya kupokea.

Mashariki ya barabara, nyuma ya milima ya Upare, iko hifadhi ya Mkomazi. Ni nchi pana ya vichaka inayoungana na Tsavo, na ikiwa kijani baada ya vuli sijui mahali panapoizidi. Faru weusi waliletwa kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997 na wanatunzwa ndani ya uzio. Nafurahi wapo, na niliwahi kuwapeleka wanafunzi wakawaona. Lakini siwezi kuisimulia Mkomazi bila kusema kwamba mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakichunga humo waliondolewa, wengine wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Rufani mwaka 1999 haikuwarudishia malisho. Baadhi ya watoto niliowafundisha walitoka familia hizo. Mmoja, msichana mwenye akili nyingi ya ramani, aliniomba nimwonyeshe kwenye karatasi mahali bibi yake alikozaliwa. Palikuwa kijani, rangi ya hifadhi. Alipaangalia kitambo, akaniuliza kama ramani inaweza kuchorwa na majina ya visima. Tulikaa naye mchana ule tukaichora, yeye akitaja na mimi nikiandika, na alivijua visima vingi kuliko vilivyokuwa kwenye ramani yoyote niliyowahi kununua.

Baada ya kijiji cha Mkomazi, mto na barabara vinasogeleana, na mkonge unaanza. Mistari yake imenyooka mpaka inachosha macho. Mmea huu wa Meksiko uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf kupitia Florida, na kati ya miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Nyuma ya sifa hiyo walikuwepo manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani kwa mikataba, na ndiyo maana Korogwe na Muheza utakuta koo za kila kabila. Jani la mkonge linavumilia ukame, lakini korona, mashine inayolichuna, inataka maji mengi, na maji hayo hutoka mto uleule na vijito vyake. Kisha mto unaingia Hale na maporomoko ya Pangani, unazungushwa kuwa umeme: megawati 8 Nyumba ya Mungu, 21 Hale, 68 Pangani. Nilipokuwa nasahihisha daftari usiku, taa ya mezani kwangu Same iliwaka kwa nguvu ya maji yaliyopita karibu yangu bila kunisimamia.

Pangani kwenyewe unafika hewa imebadilika, ina unyevu na chumvi, na mwili unalegea. Ujombani walinipokea kila mara kwa bada na samaki wa nazi, halafu maswali ya bara. Mji uko kaskazini mwa mto, Bweni iko kusini, kivuko kinasafirisha watu, baiskeli, magunia ya nazi na maiti wanaorudishwa kuzikwa kwao. Mjomba wangu alikuwa na shamba kandokando ya mto, mwendo wa saa kadhaa kwa mtumbwi kutoka mdomoni. Alikuwa na minazi, mpunga kidogo na mboga. Miaka ya mwisho ya uhai wake alichota maji ya kumwagilia kwa kuangalia mwezi na saa ya maji. Maji yakipwa, mto unatoka na maji baridi yanapita. Maji yakijaa, chumvi inapanda, na mboga iliyonyweshwa saa hiyo inakunja majani. Alikuwa anaonja kwa ulimi kabla ya kujaza ndoo. Minazi ya chini kabisa ilikuwa imekatika vichwa.

"Zamani mto ndio uloisukuma bahari," aliniambia. "Sasa bahari yausukuma mto. Nyie wa juu mwafanyani na maji?"

Swali lile nililibeba mpaka Usangi, nikamweleza baba mdogo, na mwaka mmoja baada ya mavuno nilimshawishi tushuke naye. Hakuwahi kuiona bahari. Njiani nilimzuia kulala. Nilimwonyesha Ruvu, Kirua palipokuwa, korona za mkonge, mabomba ya Hale. Alitazama kila kitu kama msimamizi anavyotazama ukuta wa ndiva ya jirani, akitafuta panapovuja.

Mjomba alimpeleka shambani kwa mtumbwi wakati wa maji kujaa, akamchotea kwa kata. Baba mdogo alionja, akatema, akaomba kata nyingine, akaionja tena polepole. Kisha wazee wale wawili wakakaa chini ya mkorosho na mimi nikawa mkalimani wa mambo, maana lugha walikuwa nayo. Baba mdogo alieleza zamu, kijiti na msaragambo. Mjomba akauliza kama mtu wa mwisho kwenye mfereji hupewa zamu ya kwanza siku yoyote. Akajibiwa kwamba ndiyo, mwaka wa ukame msimamizi huanzia chini, la sivyo wa chini hula jasho la msaragambo bila maji.

"Basi Pangani tu wa chini," mjomba akasema. "Mwatuhesabu?"

Baba mdogo hakujibu papo hapo. Alisema zamu huhesabiwa kwa waliobeba udongo wa ukuta, na watu wa Pangani hajawaona kwenye ukuta wowote kule juu. Mjomba akainua mkono kuelekea mikandaa iliyosimama matopeni kote ukingoni, akasema huo ndio ukuta wao, na wanaulinda wasiukate hata kuni zikiwa ghali, kwa kuwa ukikatwa bahari itaingia mpaka Korogwe. Baba mdogo akataka apelekwe akaione mikandaa hiyo kwa karibu. Wakaingia tena mtumbwini, wakibishana kuhusu wafugaji wa Ruvu wahesabiwe kwa ukuta gani, kwani wao hawana ndiva wala mikandaa, wana ng'ombe na visima vya mchanga. Mjomba alishikilia kwamba aliyechimba kisima amebeba udongo kuliko wote. Baba mdogo alikuwa bado anapinga tulipofika kwenye mkandaa wa kwanza, mlilana, akaukwaruza gome kwa ukucha, akauliza huu nao una msimamizi, na kama anaye, anaishi wapi.